Toa Uzito Wako

Machi, Atikokan. Theluji imefika dirishani,
na ramani imelala mezani kama mgonjwa,
kikombe huku, bakuli la chumvi kule, isijikunje.
Oili anavaa miwani, anafuata njia kwa uma:
"Hapa tunashuka. Hapa tunabeba mtumbwi kichwani,
hatua mia nane, matope. Hapa tena. Hapa tena."
Uma unaruka kutoka buluu hadi buluu
nami nahesabu magoti yake, si maziwa.

Mwaka wa sita huu tunapanga.
Wa kwanza ulikuja moto wa msitu,
wa pili mumewe aliteleza kwenye barafu,
wa tatu na wa nne dunia nzima ilijifungia,
mwaka jana ni mimi: niliogopa, nikasema nina zamu.
Jikoni kwa wazee, tunakopika supu,
wameshatuita mabaharia wa nchi kavu.

Lakini safari hii rubani wa ndege ya majini
ameshakula arubuni, wala harudishi.
Pesa ikishatoka, woga hukosa pa kukaa.

Samaki mwenyewe ni besi, yule wa mdomo mdogo.
Mdomo mdogo, ubishi mkubwa:
rangi ya shaba iliyosahauliwa mvuani,
mistari ubavuni, jicho jekundu la asiyelala.
Oili anasema ukimnasa haendi chini kulia,
anapanda juu, anaitikisa hewa,
anakutemea ndoana yako kama mbegu ya chungwa.
Vijino vya ndoana tumevibana kwa koleo
ili tukimrudisha asiende na kidonda.

Tulibishana juu ya birika lake la chuma, kilo na robo,
na juu ya unga wangu wa ugali.
"Mchele ni mwepesi," akasema.
Nikamwambia mchele utamwagika wote
ukiwa umekaa juu ya jiwe, unakula kwa mkono.
Birika likapita. Unga ukapita.
Vilivyobaki ni kiti chake cha kukunja
na kitabu changu cha kutambulia ndege.

Tulikuwa tumeweka Juni, wiki ya pili.
Ndipo akanieleza, akifuta miwani kwa ncha ya aproni:
Juni dume huchimba kiota kwenye changarawe,
kwa mkia, kiota cha duara kama sinia.
Jike akishataga, huyo anaondoka,
na dume anabaki peke yake akilinda,
hali, hatoki, anakivamia chochote kipitacho.
"Ndiyo maana Juni ni rahisi. Hata mtoto anampata.
Lakini ukimwinua kwa dakika mbili za picha
akirudi anakuta sinia tupu."

Sikusema kitu. Niliosha vikombe.
Baba yangu alilinda kiwanda cha nguo Morogoro,
usiku, na rungu na tochi ya betri tatu,
na mchana tulitembea kwa ncha za vidole,
mama akituonya kwa macho tu.
Hatukuwahi kumuuliza analinda nini.
Nguo hazikuwa zetu.

Tukampigia rubani. Julai, tarehe ishirini.
Mbu watatula. Likizo nitaikopa kwa Delphine
na Krismasi nitamlipa, siku zote tatu.

Usiku huu tumelijaza begi la majaribio.
Limesimama sebuleni kama mgeni asiyetaka kukaa.
Mzani ni ule wa bafuni. Begi likiwekwa juu yake
linafunika namba,
kwa hiyo Oili ananiambia: libebe, panda, soma.
Kisha lishushe, panda tena, toa uzito wako.
Tisini na nne. Sabini na tatu.
Naandika ishirini na moja nyuma ya bahasha
na bado sijashuka, nyayo tupu juu ya kioo baridi,
mabega yakipanda yenyewe, polepole.

"Nyingi," nasema. "Tupunguze nini?"
Kimya. Kisha zipu ya begi,
kisha birika, bombani, likijazwa maji.